Bahasha Nne za Oktoba: Tunamuaga Gaspard Ndihokubwayo

Tarehe 30 Juni 2024, Gaspard Ndihokubwayo anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Mimea cha Kilibula kwa miaka thelathini na tisa na miezi mitatu. Faili lake linaonyesha kwamba katika muda huo wote aliomba likizo mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya harusi yake, akapewa siku tano. Ya pili aliiomba kwa barua mwaka 2000, akaijibu mwenyewe kwa niaba ya mkurugenzi aliyekuwa ukimbizini, akajinyima. Barua ya kuomba na barua ya kukataa zote zimo kwenye faili, zimepigwa muhuri uleule, kwa mkono uleule. Nitairudia habari hiyo mahali pake.

Kwa kawaida ukurasa huu wa jarida letu husema kwamba mstaafu alikuwa mchangamfu na alipendwa na wote. Gaspard hakuwa mchangamfu, na hakupendwa na wote. Alikuwa mkimya, mbishi, mwenye utani mkavu kama bua la mwaka juzi. Wengi wetu tulimuogopa kidogo, kwa sababu mtu akikosea hakumsema. Alimtazama tu, akamwachia nafasi ya kujigundua.

Aliingia hapa tarehe 1 Aprili 1985 kuosha vioo vya hadubini. Kituo wakati huo kilikuwa na watafiti sita, gari mbili, na mafuta ya kuziendesha. Kwa miaka mitatu aliosha vioo vilivyokwisha kutazamwa na wengine. Halafu akaanza kuvitazama kabla ya kuviosha. Mtafiti mmoja alimkuta jicho likiwa kwenye hadubini na kitambaa kikiwa begani, akamuuliza kwa dharau anaona nini. Gaspard alijibu kwa Kiswahili chetu cha Uvira, ambamo mimi ni minye: "Minye naona hii haiko ile uliandika jana." Alisema kweli. Mwaka 1990 walimkabidhi hifadhi.

Kwa wasomaji wasiotujua, hifadhi ni chumba cha makabati kumi na mawili. Ndani yake kuna bahasha, na katika kila bahasha kuna kipande kikavu cha jani, bua au mzizi, pamoja na kuvu lililoishi juu yake au ndani yake. Kikaratasi kinasema kilitoka shamba gani, tarehe gani, kwa mkono wa nani, na kuvu hilo linaitwaje. Chumba kile kina sheria moja ambayo Gaspard alimfundisha kila aliyepita pale: kikaratasi hakifutwi. Ukiona mwenzako alikosea jina, unaandika kikaratasi kipya, unatia tarehe na sahihi, unakibandika chini ya kile cha zamani. Atakayekuja baadaye ataona kosa na marekebisho yake kwa pamoja, aamue mwenyewe.

Oktoba 1996 vita viliingia Uvira. Tulikuwa wafanyakazi ishirini na watatu. Kwa siku tatu, ishirini na wawili tuliondoka: wengine kusini kuelekea Fizi, wengine ng'ambo ya ziwa. Olive, mke wa Gaspard, alipanda boti ya Kigoma na watoto wao watatu. Gaspard aliwaahidi kuwafuata baada ya siku mbili, akishafunga madirisha na kuhamishia bahasha mahali pakavu. Siku ya pili ziwa halikupitika tena.

Naomba nieleweke vizuri, maana najua wapo watakaonuna. Tulikuwa na haki ya kukimbia. Mtu hana deni la kufa kwa ajili ya kabati. Lakini hatukuwa na haki ya kurudi tukiwa mahakimu, na hicho ndicho tulichokifanya.

Kwanza niseme alivyoishi. Daftari la mahudhurio la kituo halikukatika hata siku moja. Kila asubuhi, saa moja na nusu, Gaspard aliandika majina ya wafanyakazi wote ishirini na watatu kwa mpangilio wa vyeo. Mbele ya majina ishirini na mawili aliandika "hayupo". Mbele ya jina la mwisho, lake, aliandika "yupo". Nimeyapitia madaftari hayo, yako saba. Jina la mtu likija kufuatwa na msalaba mdogo, ujue habari za kifo chake zilikuwa zimefika Kilibula. Sita kati yetu tuna misalaba. Mmoja wa hao sita ni mimi. Kuna mtu alimwambia nimefia njiani, akanizika kwa wino mwekundu Machi 1997, na miezi minne baadaye, alipopata barua yangu, hakuufuta msalaba. Alibandika kikaratasi: "Yuko hai. Marekebisho ya G.N."

Askari waliingia kituoni mara nyingi, wa kila upande, kila upande ukiwa na jina lake jipya. Walichukua viti, betri, milango miwili, na saa ya ukutani. Siku moja kamanda mmoja alifungua kabati, akaona mamia ya bahasha, akadhani ni fedha. "Hii yote njo nini, muzee?" Gaspard akamjibu kwa upole: "Ni magonjwa, afande. Magonjwa tupu." Kamanda akaruka nyuma. Gaspard akaongeza: "Iko ya mimea. Lakini minye sikuiuliza kama inajua kutofautisha." Kabati halikuguswa tena, na mlango wa chumba kile ndio pekee uliobaki na kitasa chake.

Kuhusu formol, yaani formalini. Utaratibu wa kituo, tangu miaka ya zamani, ulitaka kila kipande kipuliziwe formol kabla ya kuwekwa kwenye bahasha, ili wadudu wasikile. Novemba 1996 tulikuwa na bidoni nne, madumu yaliyojaa dawa hiyo. Mtu wa chumba cha maiti alikuja kwa miguu, akaeleza kwamba miili inamzidi na hana dawa ya kuihifadhi hadi ndugu wafike. Gaspard alimpa bidoni zote nne, akaandika kwenye rejista ya vifaa: "Zimekwenda kwa watu." Tangu siku hiyo vielelezo vyake havikupata formol. Alivianika kivulini, akavifunga kwa karatasi, akavizika kwenye masanduku ya bati yaliyojaa pumba za mpunga zilizokaushwa, na kila mwezi akabadilisha pumba. Tuzikumbuke pumba hizo.

Alikuwa hana bosi, hana mwenzake, na mara nyingi hana mshahara. Alipika ndagala, yaani dagaa, za kuwatosha watu watano kwa mazoea, akala za mmoja, nyingine akawapa paka. Mtu mwingine angekaa akalinda makabati, akaridhika. Gaspard aliendelea kukusanya. Njia ilipokuwa na utulivu, alipanda baiskeli hadi Nyakabere, bondeni mwa Ruzizi, akarudi na mabua ya mtama.

Ndipo alipokutana na Mama Spès Irambona. Mtama wa Nyakabere ulikuwa unapata kuvu linaloacha rangi ya waridi kwenye fundo la bua na kwenye punje. Mashamba mengine yaliyokuwa na rangi hiyo yalianguka kabla ya mavuno, mengine yalisimama na kuzaa vizuri. Chini ya hadubini, vijimbegu vya kuvu vilikuwa na umbo moja popote, mfano wa mwezi mchanga, na vitabu vyetu vilikuwa na jina moja la kuvu hilo: ugonjwa. Juni 1998 Gaspard alikuwa amechutama shambani kwa Mama Spès akipima mabaka kwa rula. Mama akamtazama mpaka akachoka.

"Papa Gaspard, weye unaangalia mutama na macho tu, kama picha. Onja!"

Alivunja bua moja, akalimenya kwa meno, akatafuna, akatema. Akavunja la pili, lenye rangi ileile ya waridi, akamnyoshea. "Ile iko chungu, itaanguka. Hii iko tamu, inakaa na ule mugeni wake muzuri tu. Batoto banajua. Bale ba kituo tu njo habajui."

Kuanzia siku hiyo, daftari la Gaspard lina safu mpya baada ya tarehe na shamba. Safu hiyo ina neno moja kati ya mawili, tamu au chungu. Kila bua la mtama alilolileta alilitafuna kwanza. Akafikia wazo ambalo hapakuwa na mtu wa kumwambia: kwamba rangi ni moja, umbo ni moja, lakini makuvu ni mawili. Moja linaua bua. La pili linaishi ndani ya bua bila kulidhuru, na labda linalisaidia.

Mwaka 1999, baadhi yetu tulikuwa tumefika Bukavu na kujiita kituo. Tulipata vipande sita vya bua kutoka bondeni, tukaviangalia, tukaona miezi michanga, tukatoa agizo: mbegu zote za mtama zenye rangi ya waridi zichomwe. Agizo liliandikwa kwa Kifaransa kizuri. Nyakabere, kaya arobaini na moja zilichoma mbegu zao, katika mwaka wa njaa, zikasubiri mbegu za msaada zilizofika mvua zikiwa zimekwisha.

Gaspard alipata nakala ya agizo, akapanda baiskeli. Aliwahi nyumba moja tu. Alimwambia Mama Spès asichome mbegu za mabua matamu. Mama akamuuliza swali ambalo lilimfuata kwa zaidi ya miaka ishirini: "Na kama uko unadanganyika?" Mama alifukia chungu kimoja cha mbegu chini ya jiko, na kutoka chungu hicho, baadaye, nusu ya Nyakabere ilipanda tena.

Hapo ndipo penye uzito wa maisha ya mtu huyu, na nawaomba mpaangalie. Kama makuvu yalikuwa mawili, Gaspard alikuwa ameokoa mbegu ya kijiji. Kama lilikuwa moja, alikuwa amesambaza ugonjwa kutoka nyumba hadi nyumba, kwa ushahidi wa ulimi wake. Kila msimu ulioharibika, kwa jua au kwa mafuriko, alikwenda Nyakabere kutafuna mabua na kujiuliza kama ni yeye. Hakuwa na wa kumuuliza. Olive, ambaye angemcheka na kumtuliza, alikuwa ng'ambo.

Sasa ile likizo. Februari 2000 alipata habari kwamba Olive anaumwa sana katika kambi ya wakimbizi. Aliandika ombi la siku kumi na nne, kwenda Kigoma. Siku iliyofuata akaandika jibu: "Ombi lako limepokelewa. Kwa sababu ya upungufu wa wafanyakazi, haliwezekani. Kwa niaba ya mkurugenzi." Nilipomuuliza mwaka jana kwa nini hakwenda tu, aliniambia kwamba wiki ile askari walikuwa wanalala barazani na walikuwa wanatafuta karatasi za kuwashia moto. Olive alifariki mwezi Machi. Habari zilifika Agosti. Katika daftari la mahudhurio, tarehe 9 Agosti 2000, majina ishirini na matatu yamefuatwa na neno moja: hayupo. Lake pia. Kesho yake akajiandika "yupo", na mstari ukaendelea.

Tulirudi mwanzoni mwa 2004. Tulimkuta amekonda, bahasha ziko mahali pake, na ufunguo wa kila kabati umefungwa utepe wenye namba. Tulimshukuru kwa mkutano wa dakika kumi. Mwezi wa tatu alipewa barua ya blâme, onyo la maandishi linalokaa kwenye faili, yenye makosa matatu: kutoa formol ya kituo bila idhini; kupinga agizo la kuchoma mbegu mbele ya wakulima; na kuingiza katika rejista ya kisayansi maneno yasiyo ya kisayansi, yaani tamu na chungu. Katika ripoti ya mwaka, miaka ile saba iliitwa "miaka iliyopotea".

Barua ile niliiandika mimi. Ripoti ile pia. Nilikuwa nimesoma sana, na nilikuwa na kalamu kali, na nilitaka mtu wa kumchoma nayo.

Gaspard aliisoma palepale, akauliza kama ina nakala ya faili, akatia sahihi ya kupokea. Kwa miaka kumi na tano iliyofuata aliendelea kubadilisha pumba.

Mwaka 2019 alirudi kwetu Dokta Félicité Irankunda, mtoto wa Kilibula aliyekwenda kusoma vinasaba, ADN kama tulivyozoea kuita hapa. Kazi yake ni kuyapanga makuvu ya mimea kwa kusoma kile kilichoandikwa ndani ya chembe zao, badala ya kutegemea umbo la nje. Alianza na makabati kumi na mawili, fahari ya kituo, vielelezo vilivyowekwa kwa utaratibu wote. Hakupata kitu. Formol iliyohifadhi umbo ilikuwa imevunjavunja vinasaba. Lilibaki ganda lisilosema neno. Karibu akate tamaa. Ndipo Gaspard, bila kuulizwa, akamvutia mbele ya miguu sanduku la bati. Katika bahasha mia moja na kumi na mbili za mabua ya mtama, sabini na nne zilikuwa na vinasaba vinavyosomeka. Miaka iliyopotea ndiyo pekee iliyokuwa haijapotea.

Jibu la kwanza lilirudi kutoka maabara mwaka 2020. Félicité alikuwa amepeleka kusomwa sehemu moja ya vinasaba, ile ambayo watafiti wa makuvu huanza nayo kila mahali. Bahasha zote sabini na nne zilikuwa sawa. Alikuja kumwambia mwenyewe, uso umemshuka. "Papa, iko moja."

Nilikuwepo. Gaspard alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono juu ya magoti. Sijawahi kumwona mtu akiwa mbali hivyo na wote waliomzunguka. Ningekuwa na adabu ningenyamaza. Nikasema kwamba ulimi ni wa kula ugali. Hata hakunitazama, alimtazama Félicité.

"Umeuliza shahidi ngapi?"

"Moja, Papa."

"Basi uliza bengine. Muntu moja akisema 'sikuona', hauvunje baraza."

Félicité aliniambia baadaye kwamba aliona haya, kwa sababu alilijua hilo. Kuna makuvu ndugu wa karibu ambao sehemu ile moja haiwatenganishi. Inabidi kusoma sehemu nyingine mbili au tatu, na alikuwa amezikwepa kwa sababu ya haraka. Alianza upya. Umeme ulikuwa wa saa nne kwa siku, na kwa muda mrefu aliishi kwa ratiba ya jenereta ya jirani. Novemba 2021 jibu la pili lilirudi: sehemu tatu, na zote tatu zilisema jambo moja. Makuvu ni mawili. Ni ndugu, lakini waliachana zamani, na kila mmoja ana njia yake ndani ya mmea. Alichukua orodha ya vinasaba, akaiweka kando ya daftari la Gaspard. Kundi la kwanza lilikuwa la mabua machungu. Kundi la pili lilikuwa la matamu. Alipiga kelele hadi mlinzi akaja mbio.

Nawatangulia wale watakaosema sasa kwamba ulimi wa mkulima umeishinda sayansi. Huo ni uvivu uleule wa kwetu, umegeuzwa nguo tu. Ulimi wa Mama Spès ulijua kuna wawili, haukujua ni akina nani. Vinasaba vilijua ni akina nani, lakini visingeulizwa kama daftari la Gaspard lisingekuwepo. Aliyekosa ni yule aliyekuwa na hadubini, vitabu na agizo mkononi, akaona umbo moja, akakataa kuuliza shahidi wa pili.

Nne ziligoma. Kati ya bahasha sabini na nne, sabini zililingana na neno la Gaspard. Nne alikuwa ameziandika "chungu", na vinasaba vikasema kuvu lake ni lile la mabua matamu. Félicité alidhani amechanganya vikaratasi. Akaangalia tarehe. Zote nne zilikuwa za kati ya 15 na 18 Oktoba 2002, na zote zilitoka kitalu kidogo cha nyuma ya jengo, mtama wa mbegu za Mama Spès, ambao Gaspard aliumwagilia kwa ndoo. Wazee wa mji huu wanaikumbuka wiki hiyo. Uvira ulibadilisha mikono mara mbili ndani ya siku saba, na hakuna aliyetoka nje.

Alimpelekea bahasha hizo. Gaspard alizigeuza, akatafuta kitu kwenye kumbukumbu, halafu akacheka, jambo ambalo wengi hatukuwahi kulisikia.

"Nilikuwa na malaria. Nilikuwa namumunya kwinini. Wiki ile kila kitu kilikuwa chungu, hata maji."

Akaeleza kwa sentensi tatu hivi. Homa ilimkuta amejifungia ndani. Alikuwa na vidonge vya kwinini vilivyobaki kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Alilala sakafuni kati ya makabati, na kila alipopata nguvu kidogo alitambaa hadi kitaluni, akavunja bua, akalitafuna, akaandika, kwa sababu mistari ya daftari ilikuwa inamsubiri. Katika mahudhurio ya siku hizo kuna neno "yupo", kama siku nyingine zote. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Nimeandika mengi katika maisha yangu dhidi ya watu na dhidi ya serikali, na sijawahi kukosa neno. Hapo nilikosa. Mtu aliugua peke yake hadi karibu afe, kwenye jengo letu, akifanya kazi yetu, na tuliokuja kulijua jambo hilo tulilijua baada ya miaka kumi na tisa, kwa sababu kuvu lilitwambia.

Kuvu la mabua matamu halikuwa na jina katika vitabu. Félicité alitaka kulipa jina la Gaspard, na alikuja na karatasi tayari. Gaspard alikataa. Alisema liitwe kwa Nyakabere, kwa sababu Nyakabere ndiyo iliyochoma mbegu. Andiko la kulitangaza kuvu hilo liko mbele ya wakaguzi na bado tunasubiri. Likikubaliwa, sitaki kuona jina la mkurugenzi yeyote likiwa mbele ya lile la Mama Spès Irambona katika shukrani. Alipoletewa habari kwamba Gaspard hakudanganyika, Mama alisema tu: "Minye nilijua. Yeye njo alikuwa anahitaji kujua." Kisha akamvunjia bua.

Wiki iliyopita Gaspard alifanya kazi yake ya mwisho. Alizitoa bahasha nne za Oktoba, akakata vikaratasi vinne, na kwa mwandiko uleule wa daftari akaandika kwenye kila kimoja: "Tamu. Mchunguzi alikuwa mgonjwa." Tarehe, sahihi. Akavibandika chini ya neno "chungu", akazirudisha kwenye pumba.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwenye ofisi ya mafaili, nikaitoa ile barua ya blâme ya 2004, nikaja nayo nikiwa nimeamua kuichana mbele yake. Aliichukua mkononi mwangu, akainyoosha kona iliyokuwa imekunjika, akanirudishia.

"Hatufute, Sylvestre. Tunabandika."

Basi ukurasa huu haukuandikwa kwa ajili ya jarida peke yake. Nakala yake moja, yenye tarehe na sahihi, imebandikwa tangu asubuhi ya leo chini ya barua ile, katika faili la Gaspard Ndihokubwayo, na inasema: makosa matatu yaliyotajwa hapo juu hayakuwa makosa. Formol ilikwenda kwa watu. Mbegu hazikustahili moto. Tamu na chungu yalikuwa majina mawili ya kweli ya vitu viwili vya kweli, miaka ishirini na mitatu kabla yetu sote.

Anahamia Nyakabere, kwenye kipande cha shamba alichopewa kando ya la Mama Spès. Watoto wake watatu, waliokulia mbali, wanampigia simu Jumapili. Tunamshukuru kwa madaftari saba, kwa pumba, kwa mlango wenye kitasa. Nenda salama, Papa Gaspard. Mabua yako yawe matamu, kinywa chako kiwe kizima cha kuyajua, na kila asubuhi inayobaki, saa moja na nusu, awepo mtu wa kukutazama na kukuandika: yupo.

Sylvestre Itangishaka
Kituo cha Mimea, Kilibula, Uvira
Marekebisho ya barua ya Machi 2004